Mume Kongo, Mke Mtaa wa Kongo?

Shosti wangu, mke wa mjeda, alinibana: mumewe kapangiwa kwenda kulinda amani Kongo, je, abaki kota Lugalo au apange chumba Kariakoo? Anautaka Mtaa wa Kongo, eti wote wawe Kongo!

Kweli kota kuna geti, na wageni wanahojiwa. Mjini raha, biashara ipo mlangoni. Ila kodi ni miezi sita mkupuo, na jirani hajui mumeo yuko wapi. Desemba 7, 2017 wanajeshi wetu waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini. Siku kama ile, dada, kota kila mlango unajua kinachokuuma. Kariakoo utalia huku spika za wauza nguo zinapiga kelele.

Nimemwambia abaki Lugalo. Kariakoo aje Jumamosi, chai na chapati juu yangu.