Nyumba ya Mji Mkongwe: mlango ulinivutia, boriti zikanizuia

Mama yangu kazaliwa Malindi, Unguja. Miaka yote tuliyokaa hapa Muscat neno lake ni moja: mkijaaliwa, nunueni nyumba mjini. Mwaka jana nikaenda na akiba yangu ya miaka 11.

Dalali akanipeleka kwenye nyumba ya ghorofa mbili. Mlango wa kuchonga, misumari ya shaba, wallahi roho ilinisuuzika. Kuta zimepigwa saruji mpya, nyeupe pe. Nikashika simu nimwambie mama tumepata.

Bahati nilifuatana na fundi mzee wa chokaa. Yeye mlango hata hakuutazama. Alipanda juu moja kwa moja, akachokoa boriti pale inapoingia ukutani, kisu kikazama kama kwenye mkate. "Mwanangu, nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinapumua. Ukizipiga saruji, maji yanabaki ndani, boriti zinaoza." Beit al-Ajaib yenyewe upande mmoja uliporomoka Desemba 2020, sote tuliona picha.

Nikauliza hati. Kumbe warithi saba, na mmoja yuko Dubai, hana habari kuwa nyumba inauzwa!

Nikarudi na pesa zangu. Mama aliuliza tu, "Mlango bado upo?"

Sasa fundi kanitafutia nyengine, Kiponda. Plasta imebanduka, lakini boriti nzima, na muuzaji ni mmoja. Matengenezo yanataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, basi tutasubiri. Mama keshaanza kufunga sanduku.