Namba 2,147,483,647: sifa zake na namna ya kuitamka

Namba 2,147,483,647 hupatikana kwa kutoa 1 katika 2 yenye kipeo cha 31. Ikiandikwa kwa mfumo unaotumia 0 na 1 pekee, huwa safu ya tarakimu 31, zote zikiwa 1. Kwa sababu hiyo ndiyo kikomo cha kompyuta zinazohifadhi namba katika biti 32, biti moja ikitengwa kwa alama ya hasi au chanya. Mitambo inayohesabu sekunde kwa njia hiyo tangu 1 Januari 1970 itakifikia kikomo hicho tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki.

Ni namba tasa pia: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alilithibitisha hilo mwaka 1772. Kwa njia ya kawaida angelazimika kujaribu kila namba tasa isiyozidi 46,340, nazo ni zaidi ya 4,700. Euler alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kama kingekuwapo, kingeacha baki ya 1 au 63 kikigawanywa kwa 248. Zikabaki namba za kujaribu zisizofika mia moja.

Istilahi yenyewe ina kejeli kidogo, kwa kuwa "tasa" hii huzaa. Ikizidishwa kwa 1,073,741,824 hutoa namba kamilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe.

Sifa hizo hutegemea kila tarakimu. Tarakimu ya mwisho ikiwa 9 badala ya 7, namba hugawanyika kwa 3. Hivyo matamshi hayana budi kuwa bayana, na hapo neno *elfu* huleta utata. "Elfu mia nne themanini na tatu" ni 483,000 au ni 400,083? Katika namba yetu, maneno "mia sita" yanayofuata humjulisha msikilizaji kwamba themanini na tatu ni za elfu, lakini hulijua hilo akiwa amekwisha kuandika. Katika hundi ya shilingi 483,000 hakuna neno linalofuata la kumwokoa, na tofauti ni shilingi 82,917.

Neno *laki*, lenye asili ya Kihindi na maana ya mia elfu, huondoa utata huo. Baadhi ya waandishi hulikwepa wakilidhani la sokoni, ilhali ni Kiswahili sanifu na hapa lina faida kuliko mbadala wake. Namba hii basi isomwe: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne, elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba.