Kigango: Ubao, Sanamu au Ndugu?

Msomaji wa Kiswahili anayelikuta neno kigango katika maandishi ya Kanisa Katoliki hulielewa kuwa ni sehemu ya parokia yenye kanisa dogo na waumini wake. Akifika bara ya Kilifi na Malindi, atalikuta neno hilo hilo likibeba maana nyingine kabisa. Kwa Wagiriama, ambao ni mojawapo ya jamii tisa za Mijikenda, kigango ni nguzo bapa ya mti mgumu, iliyochongwa na kusimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi na mali. Makala haya yanafafanua dhana hiyo na kuonyesha jinsi jina linalopewa kitu linavyoweza kukilinda au kukipoteza.

Kwa umbo, kigango hupita aghalabu urefu wa mita moja, na vingine humzidi mtu kwa kimo. Juu pana kichwa, pengine cha mviringo chenye macho na pua. Chini yake ni kiwiliwili kilichonakshiwa kwa pembetatu zilizotiwa rangi. Vitambaa hufungwa, na tembo la mnazi humwagwa chini. Marehemu ambaye hakuwa mwanachama wa Gohu huwekewa kigingi kidogo kisicho na nakshi nyingi, kiitwacho koma. Neno koma pia lina maana ya mzimu wa aliyekufa. Hapa ndipo penye kiini cha jambo: jina la roho na jina la mti ni moja. Aidha, kigango kikishasimikwa hakipaswi kung'olewa. Huachwa pale kiliwe na mvua, jua na mchwa hadi kiishe chenyewe.

Kuanzia miaka ya 1970, utalii ulipokua katika mwambao wa Kenya, nguzo hizo zilianza kuibwa na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa vinyago. Zilipofika ng'ambo ziliitwa sanamu, tena sanamu za Kiafrika, bila ya jina la marehemu wala la kijiji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Monica Udvardy, Linda Giles na John Mitsanze ulionyesha kuwa mamia ya vigango yalikuwa katika majumba 19 ya makumbusho nchini Marekani.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha mzee Kalume Mwakiru wa sehemu za Kaloleni. Mwaka 1985 Udvardy alimpiga picha akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimikia nduguze. Baada ya muda mfupi vyote viwili viliibwa. Mwaka 1999 Udvardy alikitambua kimoja katika picha iliyoonyeshwa kwenye mkutano wa wataalamu wa taaluma za Afrika. Kilikuwa katika jimbo la Illinois. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Kile cha Illinois kilirejeshwa kwa familia mwaka 2007, mzee mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Katika sarufi, kigango ni kitu cha ngeli ya KI-VI, sawa na kiti. Kwa Mwakiru, walioibwa walikuwa ndugu wawili.

Ulinganisho na jamii ya Wanavajo wa Marekani unasaidia kulifafanua suala hili. Katika ibada zao za uponyaji, mganga huchora sura za watakatifu wao kwa mchanga wa rangi, mgonjwa huketi juu yake, kisha mchoro hufutwa. Hata hivyo, wapo wasanii wa Kinavajo wanaozitia sura hizo katika mazulia, mbao na picha za kuchapwa kwa ajili ya kuuza. Wengi wao hubadili rangi au huacha sehemu fulani kwa makusudi, ili picha ya kuuza isiwe ndiyo ile ya ibada. Jambo hili bado lina ubishi miongoni mwao, lakini linabainisha tofauti ya msingi: taswira ya mtakatifu ni kitu kimoja, na makao yake ni kitu kingine.

Sheria nayo imeitambua tofauti hiyo, ila kwa upande mmoja tu. Mwaka 1990 Marekani ilitunga sheria ya kurejesha mabaki ya wafu na vitu vitakatifu vya wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Mwaka huo huo, jumba la makumbusho ya maumbile na sayansi la Denver lilipokea vigango 30 kama zawadi, na sheria ile haikuvihusu. Jumba hilo liliamua lenyewe, mwaka 2014, kuvirejesha. Vilifika Kenya mwaka 2019. Kwa kuwa majina ya wenyewe yalikuwa yamepotea, kuvirudisha katika miji vilikotoka kulikuwa kugumu kuliko kuvivusha bahari.

Basi, msanii wa Malindi anaweza kuchora kigango kwenye turubai bila ya kumnyang'anya mtu ndugu yake, maadamu nguzo yenyewe imebaki ardhini. Vivyo hivyo, mwanafunzi atakayeulizwa maana ya neno hili asitosheke kujibu kuwa ni "sanamu ya Wagiriama". Fasili iliyo kamili haina budi kutaja mambo matatu: aliyekufa, waliomsimikia, na mahali aliposimikwa. Likiachwa moja, fasili itakuwa imefanya kwa maneno kile ambacho mwizi alifanya kwa jembe.