Usiache Kazi ya Kwanza Kabla ya Karatasi ya Pili: Kubadili Patroni Dubai Bila Kupoteza Viza



Zamani tulijua Dubai kama soko. Wamama wafanyabiashara walienda, wakanunua nguo, simu na vitambaa, wakarudi na mizigo. Leo wako wanaobaki huko kwa kazi: hotelini, dukani, saluni, kwenye usafi, kulea watoto wa watu. Feza wanayotuma inalipa minervali ya wadogo zao, kodi ya nyumba na dawa za wazee. Na sauti inayofika kwenye telefone za jamaa nyingi ni hii: “Mama, hapa mshahara ni mdogo. Nimepata mahali pengine. Niende?”

Jibu letu ni kwamba anaweza kwenda. Sheria ya Falme za Kiarabu inamruhusu kubadili kazi akiwa kule kule. Lakini hatua zina mpangilio wake, na anayeuruka anaweza kulala akiwa mfanyakazi na kuamka akiwa mtu asiye na makaratasi. Wiki hii tunaeleza mpangilio huo, pamoja na sehemu yetu sisi tulio nyumbani.

KARATASI MBILI, JINA MOJA

Mfanyakazi wa Dubai, Abu Dhabi au Sharjah anaishi juu ya karatasi mbili. Ya kwanza ni kibali cha kazi, kinachotolewa na wizara ya kazi ya kule, ambayo watu wote wanaiita MOHRE. Ya pili ni viza ya ukaaji, inayotolewa na idara ya uhamiaji. Mara nyingi zote mbili zinadumu miaka 2.

Karatasi hizi zimebeba jina la mfanyakazi na pia jina la patroni wake. Patroni ndiye mdhamini. Akizifuta, zinaanguka zote. Ndiyo maana huwezi kuacha kazi kule kama unavyoacha kazi Bukavu au Lubumbashi, kuaga leo na kesho kuanza kwa jirani. Kibali kilichoandikwa jina la hoteli fulani hakikuruhusu kufanya kazi katika hoteli ya ng’ambo ya barabara.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya kazi namba 33 ya mwaka 2021 ilianza kutumika tarehe 2 Februari 2022. Inahusu wafanyakazi wa makampuni binafsi. Mambo haya ndiyo dada yetu anapaswa kuyashika:

Muda wa majaribio hauwezi kupita miezi 6. Akiwa ndani ya muda huo na akitaka kwenda kwa patroni mwingine kule kule, lazima atoe taarifa ya maandishi mwezi 1 mbele. Patroni mpya ndiye anayemrudishia wa zamani gharama alizotumia kumleta, isipokuwa kama wamepatana vingine. Deni hilo si la mfanyakazi. Akitaka kuacha na kutoka kabisa katika inchi, taarifa ni siku 14.

Majaribio yakiisha, muda wa taarifa unaandikwa ndani ya kontra. Hauwezi kuwa chini ya siku 30 wala kupita siku 90. Katika siku hizo anaendelea kufanya kazi na anaendelea kulipwa.

Feza za kumleta mfanyakazi na za kibali chake ni mzigo wa patroni. Sheria inakataza kumlipisha mfanyakazi, moja kwa moja au kwa kukata mshahara. Pia patroni haruhusiwi kushika pasipoti yake.

Kazi ikiisha, haki zake zote zinapaswa kulipwa ndani ya siku 14. Aliyemaliza mwaka mzima au zaidi anapata pia malipo ya mwisho wa kazi: mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka, katika miaka 5 ya kwanza. Wengi wanaondoka bila kuyadai, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba yapo.

HATUA KWA MPANGILIO

Kwanza, asome kontra yake mwenyewe, na hasa mahali palipoandikwa siku za taarifa. Mwenzake wa chumba anaweza kuwa na siku 30 naye ana siku 60.

Pili, apate ahadi ya kazi mpya kwa karatasi. “Njoo, tutapatana” si kazi. Katika utaratibu wa MOHRE, patroni mpya anatoa karatasi ya ahadi yenye mshahara, cheo na masharti, na mfanyakazi anaitia sahihi. Kontra itakayofuata lazima ifanane nayo. Aangalie pia kama kampuni mpya iko chini ya MOHRE au iko katika eneo huru la biashara, maana maeneo hayo yana mamlaka zake zinazotoa viza.

Tatu, atoe taarifa ya kuacha kwa maandishi na abaki na nakala yenye tarehe. Ujumbe wa sauti hautoshi. Siku ya ugomvi, tarehe iliyo kwenye karatasi ndiyo itakayomtetea.

Nne, afanye kazi mpaka siku ya mwisho ya taarifa. Akikosa kazi zaidi ya siku 7 mfululizo bila sababu, na patroni hajui aliko, patroni anaweza kumripoti kwamba ametoroka. Anayeacha kazi hivyo kinyume cha sheria anaweza kunyimwa kibali kipya kwa mwaka 1. Mwaka mzima! Mtu ameruka ili aongezewe mshahara, kisha anaukosa wote.

Tano, wakati wa kufuta kibali, asome kabla ya kutia sahihi. Karatasi ya kufuta ina maneno yanayosema kwamba mfanyakazi amepokea haki zake zote. Akitia sahihi kabla ya kulipwa, ameandika kwa mkono wake kwamba hadai kitu. Alipwe kwanza, ndipo atie sahihi. Patroni akikataa, apeleke malalamiko kwa MOHRE. Namba zao ndani ya inchi ni 600590000, na kwa malalamiko ya kazi 80084.

Sita, ahesabu siku. Viza ikifutwa, sheria inampa muda wa kubaki ili apate mdhamini mpya au aondoke. Muda huo haulingani kwa wote: kuna wenye siku 30, kuna wenye 60, na kwa aina fulani za ukaaji unafika 180. Asikubali kuambiwa na rafiki. Auangalie katika mfumo wa uhamiaji kwa namba za karatasi zake. Muda ukipita, faini ni dirham 50 kwa kila siku. Dola 1 ni karibu dirham 3.67, basi kila siku anadaiwa kama dola 13 na nusu. Siku 20 ni dirham 1,000, yaani zaidi ya dola 270. Kwa jamaa nyingi hapa kwetu, hiyo ni minervali ya watoto kadhaa.

Saba, asianze kazi mpya kabla ya kibali kipya kutoka. Hata kama patroni mpya anasema “anza tu, makaratasi yanakuja”. Tangu mwaka 2024, patroni anayefanyisha mtu kazi bila kibali anaweza kupigwa faini kuanzia dirham 100,000 mpaka milioni 1. Patroni anayekubali hatari ya namna hiyo hatakuwa mtetezi wa dada yetu siku wakaguzi watakapoingia.

KWA WANAOFANYA KAZI ZA NYUMBANI

Dada zetu wanaopika, kufua na kulea watoto ndani ya nyumba za watu hawaingii katika sheria ile ya kwanza. Wana sheria yao, namba 9 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Desemba 2022. Inawapa siku 1 ya kupumzika kila wiki, mapumziko ya saa 12 kwa siku ambazo 8 ziwe mfululizo, na haki ya kushika pasipoti yao wenyewe.

Mdhamini wao ni jamaa wanayoitumikia, au ofisi iliyoidhinishwa iliyowaleta. Kwa hiyo kubadili nyumba kunapitia mikono ya mdhamini huyo na ofisi zilizokubaliwa na MOHRE. Hakupitii kwa mtu aliyekutana nao sokoni akaahidi nyumba yenye mshahara mzuri. Kutoroka usiku kwenda kwa mwajiri asiye na karatasi ndiko kunakowaumiza wengi, maana baada ya hapo hata wasipolipwa wanaogopa kushtaki.

Lakini tusieleweke vibaya: hakuna viza inayomlazimisha mtu kuvumilia kupigwa au kushikwa kwa nguvu. Hapo usalama unatangulia. Atoke, aende polisi, na apeleke habari MOHRE haraka iwezekanavyo. Katika makampuni, sheria inamruhusu mfanyakazi aliyepigwa au kunyanyaswa kuacha kazi bila taarifa, mradi aripoti ndani ya siku 5 za kazi tangu alipoweza kufanya hivyo. Anayetoka na kuripoti hahesabiwi kuwa mtoro. Ubalozi wetu uko Abu Dhabi, na namba yake iwe ndani ya telefone ya kila anayesafiri.

DUBAI SI DOHA

Habari za kazi zinatembea haraka kuliko sheria. Dada aliye Qatar anamwambia mwenzake wa Dubai: “Hapa unabadili patroni bila ruhusa yake, fanya hivyo hivyo.” Ni kweli kwamba Qatar iliondoa sharti la ruhusa ya patroni mwaka 2020, na iliwahesabu hata wafanyakazi wa nyumbani: taarifa ni mwezi 1 kwa aliyefanya kazi mpaka miaka 2, na miezi 2 kwa aliyezidisha. Saudi Arabia nayo ilifungua mlango kwa wafanyakazi wa makampuni mwezi wa Machi 2021, lakini marekebisho hayo hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani. Kila inchi ina kipimo chake. Kabla ya kufuata shauri, uliza: aliyelitoa anafanya kazi inchi gani, na chini ya sheria gani?

SEHEMU YETU SISI TULIO NYUMBANI

Hapa tunaongea na wamama, wababa, shangazi na kaka. Tumeona kwamba mara nyingi binti haruki mpangilio kwa sababu haujui. Anauruka kwa sababu tarehe 5 imefika, na nyumbani wanangoja feza.

Kubadili patroni kwa njia ya haki kunaweza kuleta wiki kadhaa bila mshahara: kazi ya zamani imeisha, kibali kipya hakijatoka, vipimo vya afya vinangojewa. Katika wiki hizo binti anakula akiba yake na kuhesabu siku za viza. Kama simu za nyumbani zinalia kila jioni kwa kuomba, ataanza kazi ya kificho ili atume. Tutakuwa tumepokea dola 50 na kumpotezea kazi ya miaka 2.

Basi tunaomba mambo manne.

Binti akisema anataka kubadili kazi, jamaa ikae na kupanga pamoja naye mwezi 1 au 2 bila kutumiwa kitu. Ambao wako katika likelemba wanaweza kuomba zamu yao iangukie miezi hiyo.

Mweke nyumbani nakala za pasipoti yake, viza, kontra na kitambulisho chake cha kule. Telefone ikiibiwa au pasipoti ikizuiliwa, nakala hizo ndizo zitakazofungua mlango wa ubalozi.

Msimwambie “rudi kwanza upumzike, utaenda tena” bila kuuliza juu ya viza. Kwa kawaida anayekaa nje ya Falme za Kiarabu zaidi ya miezi 6 anapoteza ukaaji wake.

Na msimtume mdogo wake amfuate kwa viza ya matembezi “atafute kazi akifika”. Kufanya kazi kwa viza hiyo ni kosa. Ajenti anayedai dola zenu ili amwingize kazini kwa njia hiyo anawauzia deni.

Wenye binti anayetaka kubadili patroni mwezi huu, leteni nakala ya kontra yake kwenye mkutano wetu wa wiki. Wako kati yetu wanaosoma Kiingereza, na watawasomea mstari kwa mstari: siku za taarifa, mshahara wa msingi, mwisho wa kontra. Mjue hayo matatu kabla binti hajamwambia patroni wake neno lolote.