Ngoja Kwanza Niweke Statasi

Jumamosi ya tarehe 25 Januari 2025 tulikuwa na harusi hapa Brussels, karibu na Matonge, mtaa wa Ixelles uliochukua jina lake kutoka Kinshasa. Bi harusi alipoingia, ukumbi mzima uliinua mikono juu. Waliopiga makofi walikuwa wachache. Wengine wote walishika simu. Binti wa dada yangu, mwenye miaka 16, alijipenyeza mpaka mbele. Akarekodi, akaitazama video, akaifuta, akarekodi tena. Wimbo alioungoja wiki nzima ulipopigwa, hakucheza. Nikamvuta mkono. "Mama mdogo, ngoja kwanza niweke statasi," akaniambia bila kuinua macho.

Sisi wakubwa ni wepesi wa kusema simu imewaharibu watoto, tukaishia hapo. Mimi siridhiki na jibu hilo. Mwaka 2016 watafiti Kristin Diehl, Gal Zauberman na Alixandra Barasch walionyesha kwamba kupiga picha kunaweza hata kuongeza raha, kwa sababu mpiga picha hulazimika kutazama kwa makini. Lakini mwaka 2018 watafiti haohao wakaja na jambo lililonigusa zaidi: anayepiga picha ili awaonyeshe watu mtandaoni hufurahia kidogo kuliko anayejiwekea kumbukumbu yake mwenyewe. Wasiwasi wa jinsi atakavyoonekana humwondoa pale alipo. Simu ni ileile na mkono ni uleule. Kinachobadilika ni yule unayempigia picha. Binti yetu alikuja harusini na ukumbi wa pili mfukoni, umejaa wanafunzi wenzake, na ukumbi huo ndio aliokuwa akiutumikia usiku kucha.

Utumishi huo unachosha akili. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilieleza mwaka 2024 kwamba vijana wanaotumia mitandao ya kijamii kwa namna inayofanana na uraibu walifika asilimia 11 mwaka 2022, kutoka asilimia 7 mwaka 2018, na wasichana wamezidi wavulana. Wapo wanaotuliza hofu hiyo. Amy Orben na Andrew Przybylski walipima mwaka 2019 takwimu za vijana zaidi ya 350,000, wakaona matumizi ya teknolojia yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Naiheshimu hesabu hiyo. Ila wastani wa maelfu haumwonyeshi mtoto mmoja ambaye saa nane za usiku bado yuko macho, anahesabu nani ameiona statasi yake na nani ameipita.

Serikali hazijalala. Kamisheni ya Ulaya, yenye makao hapahapa Brussels, iliibana TikTok kwa sababu ya programu yake ya TikTok Lite, iliyowapa watu pointi kwa kutazama video, na Agosti 2024 ahadi ya kampuni ya kuuondoa mpango huo Ulaya ikafanywa ya lazima. Mwaka wa masomo ulioanza mwishoni mwa Agosti 2025, shule za Kifaransa za hapa Ubelgiji zilipiga marufuku matumizi ya simu kwa kujifurahisha. Zile za Kiholanzi nazo zikaweka masharti yao. Naunga mkono hatua hizo kwa moyo wote. Lakini harusini hakuna mwalimu wa zamu.

Wala sheria hizo zisingezuia kilichoingia usiku ule. Vita vilikuwa vimefika mlangoni mwa Goma, mji wetu mashariki mwa Kongo. Katikati ya video za bi harusi na nyimbo za sherehe, kwenye kioo kilekile, zikaanza kupita maiti barabarani, moshi, na sauti ya binamu akiomba tumwombee. Usiku wa kuamkia Jumatatu waasi wa M23 wakaingia mjini. Mama yangu, nyanya wa binti yetu, vita vya zamani alivisikiliza redioni: habari zilikuwa na saa yake, zikiisha alizima, akalia, akasali, akaenda kupika. Mjukuu wake hakuwa na saa ya kuzima. Majuma mawili alilala na simu kifuani, akiogopa kuikosa habari na akiogopa kuiona. Ngoma na msiba vilikuwa vimekaa chumba kimoja, na hakuna kilichompa nafasi ya kukimaliza kingine.

Mwezi Juni alikuwa ametulia kiasi, tukaketi sebuleni kutazama harusi. Alikuwa na video 214. Mama akaomba ile anayocheza na kaka yake, mzee wa miaka themanini aliyesafiri kutoka Lille kwa ajili ya siku ile. Binti akapeleka kidole chini, akarudi juu, akashuka tena. Kisha akaiweka simu mezani.

"Nyanya, haipo," akasema. "Nilikuwa nje kwenye ngazi, natafuta mtandao."