Ajira Mpya na Ujauzito: Hesabu ya Miezi Ambayo Kila Familia Yapaswa Kuijua

Barua ya ajira hungojewa kwa muda mrefu. Mwanamke aliyemaliza masomo, akaandika maombi, akaitwa kwenye usaili mara kadhaa na kurudi nyumbani bila majibu, huihesabu siku ya kuipokea barua hiyo kuwa siku ya shukrani. Hata hivyo, wapo wanaojigundua kuwa ni wajawazito wiki moja au mbili kabla ya kuripoti kazini. Neema mbili huwafikia kwa pamoja, lakini badala ya furaha mbili huja hofu moja: nitawaambiaje kazini?

Sisi tunaotumika katika ofisi za misikiti tunalijua swali hili. Mara nyingi mwenye kuuliza ni mume kwa niaba ya mkewe, na mara nyingine ni mama mzazi. Wanachotaka kujua ni mambo matatu: je, binti aiache kazi? Je, anyamaze? Na je, sheria ya nchi inamlinda? Makala haya yanayajibu kwa utaratibu, kwa sababu wengi huamua kwa hofu kabla ya kufanya hesabu.

Asiharakishe kuacha wala kuficha

Kosa la kwanza ni kuandika barua ya kukataa kazi siku ileile kipimo kiliposoma. Ujauzito wa kawaida huchukua takriban wiki 40, zikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mwenye ujauzito wa wiki 7 au 8 bado ana miezi 7 mbele yake, na wanawake wengi wenye afya njema hufanya kazi kwa sehemu kubwa ya muda huo.

Kosa la pili ni kuuficha ujauzito hadi kuacha kliniki. Yuko anayeogopa kuomba ruhusa katika mwezi wa kwanza wa kazi, basi hudhurio la kwanza likasogezwa hadi mwezi wa sita. Hilo ni hatari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilipendekeza mama akutane na wahudumu wa afya angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Katika hudhurio hilo hupimwa wingi wa damu, shinikizo la damu na maambukizi, na mama huanzishiwa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi. Zaidi ya hayo, tarehe ya matarajio ya kujifungua huandikwa kwenye kadi ya kliniki, na tarehe hiyo ndiyo ufunguo wa haki zake kazini, kama tutakavyoona. Kwa hiyo ni bora aende kliniki katika zile siku chache kabla ya kuripoti, angali na nafasi.

Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni ushauri unaonong'onwa na baadhi ya marafiki kwamba "aitoe" ili asiipoteze kazi. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura Al-Israa, aya ya 31, kuwaua watoto kwa kuchelea umasikini, na akatujulisha kuwa Yeye ndiye anayewaruzuku wao pamoja nasi. Aliyeleta kazi ndiye aliyeleta mtoto. Tena utoaji mimba unaofanywa kwa siri katika vyumba visivyo na wataalamu huwaua akina mama, na huwaacha wengine na madhara ya maisha. Mume au mama anayeuona moyo wa binti ukielekea huko asimwachie peke yake mzigo huo.

Sheria inasemaje

Kwa Tanzania Bara, jambo hili linasimamiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, na watumishi wa umma wana kanuni zao. Wasomaji wa huko watazame zinazowahusu.

Kifungu cha 7 cha sheria ya Bara kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu kadhaa, na ujauzito ni miongoni mwa sababu hizo. Ulinzi huo unamfikia hata mwombaji wa kazi. Kwa hiyo mwajiri anayesema, "Tungekuchukua, lakini una mimba," anavunja sheria.

Kifungu cha 33 kinatoa likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Anaweza kuianza wakati wowote ndani ya wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio, au mapema zaidi daktari akithibitisha kuwa afya yake au ya mtoto inahitaji hivyo. Baada ya kujifungua hatakiwi kufanya kazi ndani ya wiki 6, isipokuwa kwa cheti cha daktari. Akimaliza likizo ana haki ya kurejea kazini kwa masharti yaleyale aliyokuwa nayo. Mwenye kunyonyesha apewe nafasi ya hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi, kumnyonyesha mwanawe. Naye baba, kwa kifungu cha 34, ana siku 3 za likizo yenye malipo, zinazochukuliwa ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

Hapa sasa ndipo penye fundo linalowahusu waliopata ujauzito kabla ya kuanza kazi. Kifungu cha 29 kinasema mfanyakazi mwenye utumishi wa chini ya miezi 6 hana haki ya likizo yenye malipo. Na kifungu cha 35 kinamtoa mfanyakazi wa chini ya miezi 6 katika ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali. Miezi 6 ya mwanzo ndiyo daraja, na kila mama aliye katika hali hii ahesabu kama atalivuka kabla ya kujifungua.

Mifano miwili ya hesabu

Tuchukue mwalimu ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 5 Mei. Akihesabu siku 280, matarajio yake ni tarehe 9 Februari. Ameripoti kazini tarehe 1 Julai, ujauzito ukiwa na wiki 8. Miezi yake 6 inatimia mwisho wa Desemba. Wiki 4 kabla ya matarajio ni tarehe 12 Januari. Maana yake ni kwamba siku anayoruhusiwa kuanza likizo tayari amekwisha kuvuka daraja, na siku 84 zenye malipo ni haki yake. Akianza tarehe hiyo, atarejea kazini mapema mwezi wa Aprili.

Sasa tumchukue mwenzake mwenye tarehe hizohizo za ujauzito, lakini ameripoti kazini tarehe 1 Septemba, ujauzito ukiwa na wiki 17. Miezi yake 6 itatimia mwisho wa Februari, naye anatarajia kujifungua tarehe 9. Huyu amepungukiwa na wiki tatu hivi. Sheria haimpi likizo yenye malipo, ila haimkatazi mwajiri kumpa. Kwake yeye mazungumzo ya mapema ni ya lazima: aombe likizo isiyo na malipo, au makubaliano ya maandishi kwamba nafasi yake itahifadhiwa. Familia nayo ianze kuweka akiba tangu mshahara wa kwanza, ikijua kuwa ipo miezi miwili au mitatu ambayo mshahara wake hautakuwepo.

Tofauti ya wanawake hawa wawili si bidii wala uaminifu. Ni tarehe tu. Ndiyo maana tunasema hesabu itangulie uamuzi.

Aseme lini?

Sheria inamtaka mfanyakazi amjulishe mwajiri nia yake ya kuchukua likizo ya uzazi angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, akiambatanisha cheti cha daktari. Kwa mwalimu wetu wa kwanza, siku ya mwisho ni tarehe 9 Novemba. Kabla ya hapo halazimiki kusema.

Lakini Muislamu hatazami tu mpaka wa sheria. Hutazama pia amana. Katika Sura Al-Qasas, aya ya 26, binti wa yule mzee wa Madyan alimsifu Nabii Musa (amani iwe juu yake) kwa sifa mbili za mwajiriwa bora: nguvu na uaminifu. Je, aliyenyamaza siku ya kusaini mkataba amevunja amana? Kwa maoni yetu, hapana. Ujauzito si aibu wala upungufu wa ujuzi, na miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ambayo mimba huharibika kwa wingi zaidi, hivyo kusubiri itulie ni busara. Akiulizwa waziwazi, asiseme uongo. Aseme kweli, au aeleze kwa adabu kwamba jambo hilo halihusiani na uwezo wake wa kazi.

Baada ya miezi hiyo kupita, tunaona ni vyema aseme mapema kuliko kungoja siku ya mwisho. Mwajiri aliyepewa miezi 5 hupanga atakayeshika nafasi, aliyeshtukizwa hukasirika. Na iwapo kazi yenyewe ina madhara, kama mionzi ya eksirei, dawa za kuulia wadudu au kubeba mizigo mizito, asingoje hata wiki moja, kwani sheria inakataza mjamzito kufanyishwa kazi yenye hatari kwake au kwa mtoto. Mwenye zamu za usiku ajue kuwa hawezi kulazimishwa kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi katika miezi 2 kabla ya matarajio, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari.

Akisema kwa mdomo, afuatishe na maandishi. Barua haihitaji maneno mengi. Kichwa kiwe: YAH: TAARIFA YA UJAUZITO NA LIKIZO YA UZAZI. Kisha aandike: "Napenda kukujulisha kuwa mimi ni mjamzito na ninatarajia kujifungua tarehe fulani, kama inavyooneshwa katika cheti cha daktari kilichoambatanishwa. Ninakusudia kuanza likizo ya uzazi tarehe fulani na kurejea kazini tarehe fulani. Nipo tayari kumwelekeza atakayeshika nafasi yangu." Atoe nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa, abaki nayo. Tumeona watu wakipoteza haki kwa kukosa karatasi moja tu.

Akionewa, asikae kimya. Mgogoro wa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30, na malalamiko mengine yana siku 60. Hata mwenye utumishi wa chini ya miezi 6 anaweza kulalamikia ubaguzi, kwani kifungu cha 7 hakikuweka sharti la muda.

Wajibu wa mume

Mwenyezi Mungu amebainisha katika Sura Al-Baqara, aya ya 233, kuwa chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha ni juu ya baba kwa wema, na kwamba mama asitiwe taabuni kwa sababu ya mwanawe. Na katika An-Nisaa, aya ya 32, kila mmoja, mwanamume na mwanamke, ana fungu katika alichokichuma. Basi mshahara wa mke ni mali yake. Akichangia nyumbani ni ihsani, na mume asimsukume arudi kazini kabla ya mwili kupona kwa sababu kodi ya nyumba imekaribia.

Mume pia atazame siku ya mkewe inavyokwenda. Kichefuchefu cha asubuhi, kusimama ndani ya daladala, saa nane za kazi mpya, kisha kupika na kufua, ni mengi kwa mwili mmoja. Kuchota maji, kwenda sokoni na kuwaogesha watoto wakubwa hakumpunguzii mwanamume heshima. Na azijue dalili za hatari: kutokwa na damu, kuumwa kichwa sana, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, homa, au mtoto kupunguza kucheza. Ikitokea mojawapo, ni hospitali mara moja, kazi itasubiri.

Wazungumze pia habari ya baada ya likizo. Siku 84 hazifiki hata miezi 3, ilhali mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Nani atabaki naye? Bibi yake, au dada wa kazi? Mama atatumia vipi zile saa 2? Kama anakaa mbali na kazini, ajifunze kukamua maziwa mapema. Familia inayoyajibu haya katika mwezi wa tano haitagombana katika mwezi wa kumi.

Neno kwa waajiri wetu

Miongoni mwetu wapo wenye maduka, zahanati, shule na vyuo vya Kiislamu. Ni jambo la kusikitisha kumsikia mtu akisisitiza Ijumaa kwamba pepo ipo chini ya nyayo za mama, kisha Jumatatu akakataa kumwajiri mwanamke kwa kuwa tumbo limeanza kuonekana. Taasisi zetu ndizo zinazopaswa kutangulia: kutoa likizo bila kunung'unika, kutenga chumba cha stara cha kunyonyeshea, na kwa yule aliyepungukiwa na wiki tatu, kumpa kwa hiari kile ambacho sheria haikumlazimisha mwajiri kukitoa.

Na wewe dada uliye na barua ya ajira mkononi na habari mpya tumboni, anza na haya wiki hii: mwambie mumeo, nenda kliniki, andika tarehe yako ya matarajio na tarehe ya kuripoti kazini katika karatasi moja, kisha hesabu miezi iliyo kati yake. Swali rakaa mbili za istikhara, na uamuzi ufanyike baada ya hapo.