KUWAFUNDISHA WATOTO WADOGO KUSOMA KWA VIKUNDI



Mhariri ameniomba nieleze kidogo juu ya kazi niliyoishika tangu nilipoondoka katika shule yetu hii. Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo katika shule ya msingi hapa Uganda. Watu wengi hudhani ya kuwa kazi hii ni nyepesi, maana a, e, i, o, u ni nani asiyezijua? Lakini kujua kusoma ni jambo moja, na kumfundisha mwingine ni jambo jingine. Leo nitaeleza sehemu moja tu ya kazi hiyo, nayo ni kusomesha kwa vikundi vidogo. Mifano nitaitoa kwa Kiswahili ili sote tuielewe, ijapokuwa watoto wangu huanza kusoma kwa lugha ya kwao.

Kwanza tufanye hesabu. Mwaka 1997 Serikali ya Uganda ilianzisha elimu ya msingi bila karo, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka kama milioni 3 mwaka 1996 hata kupita milioni 5. Jambo hilo lilikuwa jema sana, lakini madarasa yalijaa. Basi fikirini darasa la watoto 60 na kipindi cha dakika 30. Ikiwa kila mtoto atasoma peke yake mbele ya mwalimu, atapata nusu dakika. Hata ukurasa hatauanza vizuri. Lakini watoto hao wakigawanywa vikundi vya sita sita, na kila kikundi kikawa na msikilizaji wake, kila mtoto atapata dakika tano. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya vikundi. Mtoto hujifunza kusoma kwa kusoma yeye mwenyewe, kwa jicho lake na kinywa chake, kama vile mtu ajifunzavyo kuogelea kwa kuingia majini.

Katika darasa kubwa njia ya kawaida ni kuitikia pamoja. Mwalimu husoma mstari, na watoto wote huufuata kwa sauti kuu. Mgeni apitaye nje husema, "Watoto hawa wanajua!" Lakini wengi huimba tu. Nilikuwa na mtoto mmoja mwenye sauti nzuri kuliko wote, aliyeweza kusema ukurasa mzima bila kukosea. Nilipofunika picha na kumwonyesha neno "kuku" katikati ya mstari, alisema "mama". Ukurasa ule alikuwa ameuweka kichwani, na herufi hakuzijua.

Fikira ya vikundi si mpya. Mwaka 1789 Andrew Bell, mtu wa Scotland, alipewa kazi ya kuangalia shule ya watoto yatima wa kiume huko Madras, Bara Hindi. Aliona watoto wa nchi ile wakiandika herufi mchangani kwa kidole, akaipenda njia hiyo. Walimu wake walipokuwa wazito kuifuata, alimweka mtoto mmoja wa miaka minane, John Frisken, awafundishe wadogo herufi, naye akaweza. Mwaka 1798 Joseph Lancaster alifungua shule katika London ambamo wavulana wakubwa waliwafundisha wadogo. Kukariri kulikuwa kwingi mno katika shule hizo, lakini zilionyesha ya kuwa mtoto aweza kumsaidia mtoto mwenzake.

Katika siku zetu Wahindi wameongeza jambo lingine. Chama cha Pratham, kilichoanzishwa mwaka 1995 katika mji wa Mumbai, huwapanga watoto kwa kiasi wanachojua, bila kutazama umri wala darasa. Na mwaka 2005 walianza kupima watoto nyumbani kwao nchi nzima. Huku kwetu Uwezo ilianza mwaka 2009 katika Kenya, Tanzania na Uganda, kupima watoto kwa njia iliyofanana na hiyo.

Sasa nieleze tunavyofanya. Kwanza humwita kila mtoto peke yake na kumwonyesha karatasi yenye ngazi tano: herufi, silabi, maneno, sentensi, na hadithi fupi. Pale anapokwama ndipo mahali pake, nami huandika katika daftari. Kisha huwaweka pamoja watoto wa ngazi moja, sita sita. Vikundi vyetu vina majina ya ndege, maana ukiviita "cha kwanza" na "cha mwisho", wale wa mwisho wataona haya, na mtoto mwenye haya hafungui kinywa.

Wasikilizaji ni wanafunzi kumi wa darasa la sita, ambao huja kwa zamu ili wasikose masomo yao. Mimi mwenyewe hukaa na vikundi viwili kila siku, hata kwa juma moja nimewasikia watoto wote.

Kikundi hukaa duara. Wa silabi hupanga herufi zilizoandikwa juu ya vizibo vya soda: ka, la, mu, halafu huzisema upesi upesi mpaka "kalamu" itokee. Hapa pana kazi. Mtoto aweza kuzitaja silabi zote tatu asisikie neno. Tena "mtu" humsumbua, kwa kuwa m yake husimama peke yake bila irabu, na "ng'ombe" huchanganywa na "ngoma". Wa hadithi husoma karatasi kubwa niliyoandika kwa maneno yao wenyewe, kwa sababu vitabu havitoshi.

Msikilizaji ana sheria tatu. Mtoto aweke kidole chini ya neno analosoma. Akikwama, wengine wanyamaze, na msikilizaji ahesabu moyoni mpaka tano. Asipoweza bado, asaidiwe kuligawa neno kwa silabi, kisha airudie sentensi tangu mwanzo, ili maana isipotee. Sheria ya kunyamaza ndiyo ngumu kuliko zote, maana anayejua hupenda kutoa jibu, na kila jibu analolitoa humnyima mwenzake nafasi ya kufikiri.

Baada ya majuma manne huwapima tena na kuwahamisha. Kikundi kisichobadilika hugeuka kuwa gereza.

Huenda mtu akauliza, "Kwa nini taabu yote hii? Je, hawatajua wenyewe wakikua?" Katika Uganda darasa la kwanza mpaka la tatu hufundishwa kwa lugha ya mahali, na tangu la nne Kiingereza huanza kuchukua nafasi yake. Tena masomo mengine yote hutoka vitabuni. Mtoto akifika hapo bila kusoma, atakaa darasani kama kiziwi karamuni. Hatafukuzwa na mtu, lakini siku moja hataonekana tena, na watu watasema ni mvivu.

Basi ninyi mlio shuleni sasa, likizo inakuja. Nyumbani kwenu wamo wadogo zenu, na watoto wa jirani wamo. Wakusanyeni watano au sita chini ya mwembe, nusu saa kila siku. Kalamu ni kijiti, na daftari ni mchanga. Msiwasomee ninyi, wasikilizeni wao. Na akikwama mmoja, hesabuni mpaka tano kabla ya kusema neno. Haba na haba hujaza kibaba.

Nawatakieni masomo mema.

Mwanafunzi wa Zamani